Ukichoma Pori la Jirani, Umewaita Tohe Shambani



Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, kijana anayelima mahindi ya kuchoma kando ya Mto Wami alinipigia alfajiri. "Shikamoo bwana shamba. Mahindi yameliwa." Nilipofika, karibu nusu ekari ilikuwa imebaki vishina. Majani yamechanikachanika, chini kuna kwato ndogo na kinyesi cha punje. Sungura angekata kama kwa wembe. Nguruwe pori angefukua. Huyu alikuwa tohe.

Tukafuata kwato. Zilitoka kwenye pori alilolichoma mwenyewe mwezi wa nane ili kufukuza wanyama. Walikimbia kweli, siku ile moja. Wiki chache baadaye wakarudi, na wenzao.

Kwa nini moto unawaita

Nyasi kavu ya kiangazi ni makapi tu: nyuzi nyingi, protini kidogo. Ukiichoma, mizizi haifi. Kama udongo una unyevu kidogo, hasa ule mweusi wa mabondeni, inachipua majani laini yenye protini nyingi. Tohe na kuro wanayafuata. Lakini tohe anataka vitu viwili: majani mafupi ya kula usiku, na nyasi ndefu ya kujilaza mchana, isiyo mbali na maji. Akivipata pamoja, hapo ndipo kwake.

Sasa angalia msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, chakula kipo kila mahali, wanyama wametawanyika. Kuanzia Juni pori linakauka na wanasogea mabondeni na kwenye maji. Agosti na Septemba ndiyo njaa yenyewe. Machipukizi ya kwenye majivu nayo yanakomaa na kukosa utamu. Kinachobaki kijani ni shamba lako la umwagiliaji. Na hindi changa ni jamii ya nyasi, tohe hana haja ya kufundishwa kulila.

Pori lenyewe linabadilika

Jirani yetu Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ina somo zuri. Sehemu yake ya kaskazini ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyofungwa mwaka 2000. Katika miaka ya ranchi, migunga ilivamia malisho. Moto ulipita, ukaunguza mashina madogo, lakini mgunga ukichomwa huchipua tena kutoka chini. Kwa hiyo usidhani kiberiti kitakusafishia kichaka. Na migunga ikisongamana, nyasi hupungua, na mnyama anayekula nyasi huitafuta kwingine. Kwingine huko kunaweza kuwa kwako.

Ufanye nini

1. Usichome pori linalopakana na shamba mwezi wa nane au wa tisa. Ni sawa na kutandika jamvi kwa wageni.
2. Kama ni lazima kuchoma, pata kibali kupitia serikali ya kijiji, uchome mapema, Juni, nyasi ikiwa bado na ubichi. Moto unakuwa mpole, na wanyama bado wana chakula kwingine.
3. Zungushia shamba njia ya moto. Lima mpaka udongo uonekane. Ukifyeka tu, nyasi itachipua na umewapikia tena.
4. Ng'oa migunga michanga na mizizi yake. Matawi ya miiba yapange kama ua upande wa bondeni.
5. Mahindi ya kiangazi yaweke karibu na nyumba. Upande wa pori panda pilipili.
6. Usitege nyaya. Kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, na kesi itakula hela nyingi kuliko tohe. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori.

Yule kijana alipanda tena, akalima njia ya moto, akaweka ua wa miiba. Msimu uliofuata jirani yake ndiye aliyechoma. Ikabidi twende wote tukakae naye, kwa sababu moto wa mmoja ni hasara ya wote. Kabla hujanunua mbegu ya kiangazi hiki, ongea na anayepakana nawe.

Tuonane shambani.