Matriksi hazigawanyiki, lakini Octave huzigawanya

Msomaji anayesoma uhandisi chuoni ameuliza swali zuri. Mwalimu wake wa aljebra alisisitiza kwamba matriksi haigawanywi kwa matriksi nyingine. Jioni hiyo hiyo akaandika A\b kwenye Octave, programu ya hesabu, na jibu likatoka. Amwamini nani?

Awaamini wote wawili. Ule mkwaju unaolalia nyuma ni amri ya kutafuta x katika mlinganyo Ax = b. Cleve Moler aliuweka katika MATLAB, aliyoiandika katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kuandika programu kwa lugha ya Fortran. Octave na Julia nazo zinautumia.

Njia ambayo mkwaju hutumia, ya kuondoa kigeu kimoja kimoja mpaka kibaki cha mwisho, kisha kurudi juu, mliifanya sekondari, nami sitairudia. Uzuri wenyewe umo kwenye jambo ambalo sekondari hatuambiwi: kabla ya kila hatua, mashine hutazama safu wima iliyo mbele yake, huchagua namba yenye ukubwa kupita zote, na kuupandisha juu mlinganyo wenye namba hiyo. Namba hiyo nitaiita egemeo. Neno mhimili lingefaa, ila jiometri imekwisha kulichukua.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Chukua milinganyo miwili: εx + y = 1 na x + y = 2, ambapo ε ni moja chini ya 10²⁰. Majibu ya kweli yanakaribia kabisa x = 1 na y = 1. Sasa anza na ε kama egemeo. Ili kuondoa x, unazidisha mlinganyo wa kwanza kwa 10²⁰ na kuutoa kwenye wa pili, unapata (1 − 10²⁰)y = 2 − 10²⁰. Kompyuta hutunza tarakimu kama 16 tu za kila namba. Ile 1 na ile 2 zinamezwa, y inakuwa 1, na ukirudi juu x inakuwa 0. Jibu ni bovu, na hakuna onyo lolote.

Ni kama kupima kijiko cha chumvi kwenye mizani ya malori. Unapima lori tupu, unamwaga chumvi juu ya bodi, unapima tena, unatoa. Tofauti inatoka sifuri. Mizani haijaharibika, na hesabu yako ya kutoa ni sahihi. Chumvi ilipotea pale ilipopandishwa juu ya tani 10, na hakuna ufundi wa baadaye utakaoirudisha. Dawa ni kuipima chumvi kwanza, dukani, kabla haijakutana na lori.

Kubadilisha mpangilio wa milinganyo ndiko kwenda dukani. Anza na x + y = 2, toa ε mara mlinganyo huo kutoka kwa mwenzake, na safari hii kinachomezwa ni vumbi la ε. Unapata y = 1, kisha x = 1. Milinganyo ni ile ile. Foleni tu ndiyo iliyobadilika! James Wilkinson, aliyefanya kazi na Alan Turing katika maabara ya Teddington, Uingereza, alishiriki kutatua milinganyo 18 kwa mashine za mezani, egemeo likichaguliwa kila hatua, na majibu yakatoka safi kuliko walivyotarajia. Baadaye alitumia miaka mingi kueleza sababu.

Kwa hiyo tumia mkwaju, usiandike inv(A)*b, yaani kinyume cha A mara b. Kwa vigeu 1,000, kutafuta kinyume hudai operesheni takriban bilioni 2. Mkwaju hudai karibu theluthi moja ya hizo. Octave ikionya kwamba matriksi inakaribia kukosa kinyume, zingatia onyo hilo. Na A ikiwa na milinganyo mingi kuliko vigeu, mkwaju huohuo hutoa jibu lenye jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa.