Nani Humpa Konokono Kichocho?



Nilipokuwa mtoto, sisi wavulana tulikuwa tukikojoa damu. Hatukuogopa. Kaka zetu walituambia kwamba ni dalili ya kubalehe. Mimi niliamini hivyo mpaka nilipokwenda kusomea uganga. Huko nikajua kwamba tulikuwa wagonjwa. Tulikuwa na kichocho.

Hapa mkoani Lindi tuna mito kama Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi. Chini ya maji ya mito wanaishi kaa, kamba, wadudu na konokono. Wengi wao hawatudhuru. Anayebeba kichocho ni konokono mmoja mdogo. Haishi baharini. Hapendi maji yaendayo mbio. Hukaa penye maji matulivu na majani, kama kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Kiangazi maji yakikauka, hujificha matopeni akangoja mvua.

Lakini konokono hazaliwi na kichocho. Sisi ndio tunaompa. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo. Mayai huanguliwa, na vijidudu humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo hutoa vijidudu vingi kila siku, hasa wakati wa jua. Hatuvioni kwa macho. Tukioga, tukifua au tukilima mpunga, hupenya ngozi yetu, hata kama haina kidonda. Mwilini hukua kuwa minyoo. Minyoo hiyo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, ikataga mayai kwa miaka.

Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo. Kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huumiza viungo vya uzazi.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walipambana nacho. Kuanzia mwaka 2012 watu waligawiwa dawa mara 2 kwa mwaka. Mahali pengine konokono waliuawa, na kwingine watu walifundishwa. Ilipofika 2017, kichocho kilikuwa kimepungua sana, lakini hakikwisha. Dawa huua minyoo iliyo mwilini. Haimzuii mtu kuambukizwa tena.

Basi tufanye hivi:

1. Tusikojoe wala kunya majini. Tujenge vyoo, na tuvitumie.

2. Maji ya kuoga kutoka mtoni au dimbwini tuyaweke ndani ya chombo kwa siku 2, au tuyachemshe. Maji ya kunywa tuyachemshe daima.

3. Anayekojoa damu aende zahanati, aseme bila aibu. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli.

Mzazi, leo jioni muulize mwanao rangi ya mkojo wake. Akikuambia ni mwekundu, usimcheke wala usimgombeze. Mpeleke akatibiwe. Tukiacha kumpa konokono kichocho, naye hatakuwa na cha kuturudishia.