Twendeni Karema Tukatazame

Wengi wetu tunatamani kuiona Roma, na wenye nauli huenda Bagamoyo kuitazama misioni ya mwaka 1868. Lakini ni wangapi hapa Mpanda waliokwisha kuiona Karema? Iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, safari ya kilometa kama 120 tu. Nendeni wakati wa kiangazi, maana masika matope huchosha gari na abiria.

Mkifika misioni, ulizeni habari za boma la kale. Msidhani lilianzishwa na mapadre. Aliyeweka kituo hapo mwaka 1879 ni Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold. Mwaka huo huo chama hicho kilileta tembo 4 kutoka Bara Hindi, waliofundishwa kubeba mizigo, wakatembezwa kutoka pwani. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye akafa upesi. Basi wapagazi wakarudia mizigo yao kichwani!

Zamani maji yalikuwa karibu na boma. Kisha ziwa likapata njia ya kutokea magharibi, kwa mto Lukuga, likapungua, na boma likabaki mbali na maji.

Mwaka 1885 Leopold alikuwa amekwisha kuipata Kongo, na pande zetu hizi zikaangukia kwa Wajerumani. Boma akawakabidhi Mapadre Weupe. Nyumba ya mfalme ikawa nyumba ya sala, na watumwa waliokombolewa wakapata pa kukaa.

Lakini mimi ningewapeleka kwanza kwenye kaburi la Adriano Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi ya Mali. Angali mtoto aliibwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre wakamkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kujifunza uganga wa hospitali. Akafika Karema mwaka 1889, akawa katekista na mganga, akaoa hapo, na mwanawe Yosefu akawa padre. Alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, wapenzi, mahali pamoja!

Sasa fikirini: mtoto wa miaka 7 aliyetibiwa naye mwaka ule wa mwisho, leo amepita miaka 75. Mimi ni karani wa parokia. Daftari la ubatizo laniambia jina na tarehe, haliniambii mganga alisema nini alipoingia nyumbani kwa mgonjwa. Hayo wanayo babu na bibi, tena wachache.

Kwa hiyo mkienda na watoto, wapeni daftari. Wawaamkie wazee wa Karema kwa adabu, wawaulize: Bibi, ulimwona? Alikupa dawa gani? Alisema Kifipa, Kibende au Kiswahili? Waandike kwa wino, na nakala moja waiache parokiani.