Je, Wajua? Kuku Aliyegoma Kutoka Kiotani

Je, wajua kuwa kuku anayeshinda na kulala kiotani, akatutumua manyoya na kukudonoa ukimsogelea, si mgonjwa? Ni homoni iitwayo prolaktini iliyompanda. Hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, humsimamisha kutaga na kumtia hamu ya kuatamia, kiotani mkiwamo mayai au mkiwa hamna kitu.

Mpapase tumboni utakuta ngozi tupu. Manyoya ya hapo hunyonyoka ili joto la mwili liyafikie mayai, na mguso wa mayai kwenye ngozi hiyo huzidi kuipandisha homoni. Basi ukiacha kuokota mayai, unamsaidia kugoma.

Kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji ili aache kuatamia ni kumtesa bure, na naomba wenye tabia hiyo waiache. Mtie kwenye tenga la waya lililoinuliwa juu ya matofali, hewa ipite chini ya tumbo. Usimwekee nyasi wala kitambaa cha kulalia. Awe na mwanga, kivuli, chakula na maji muda wote. Akiwahiwa, siku tatu nne hutosha. Aliyekwisha zoea kiota huchukua zaidi. Ukimfungulia akakimbilia kiotani, mrudishe tengani. Kutaga kutarudi baada ya wiki moja, mbili, pengine tatu.

Je, wajua kuwa kwenye miji ya Ibra na Nizwa, bara ya Oman, uamuzi wa kumtoa kiotani haungoji? Juni na Julai joto la mchana huvuka nyuzi 40, na mwili wa kuku wenyewe una nyuzi 41 hivi, kwa hiyo hana pa kulitoa joto lake. Kuku hatoki jasho, hutweta tu. Anayeatamia hutoka mara moja moja kwa siku, akala haraka, akanywa, akakoga vumbi, akarudi. Hata umwekee chakula mdomoni mwake, hula kidogo na kukonda. Mwenye banda la mabati lisilopitisha hewa anaweza kumkuta amekufa juu ya mayai. Kwa hiyo, kwangu mimi: kiangazi mtoe kiotani, Novemba hadi Februari mpe mayai, naye atakulipa vifaranga.

Yai lenye mbegu likikaa penye joto la nyuzi 25 au zaidi, kiinitete chake huanza kukua hata bila kuku, kisha hufa likipoa au likizidiwa na moto. Ndipo mayai viza yanapotokea mtu akidhani jogoo ndiye mbovu! Yaokote asubuhi mapema, yaweke ndani penye ubaridi, na yasipite wiki.

Sur, mji wa pwani, kuna unyevu wa bahari. Nizwa hewa ni kavu. Ganda la yai lina vitundu vingi vinavyopitisha maji, na yai likikauka mno kifaranga hushindwa kutoka. Bara, kiota kiwe chini kwenye udongo, kivulini mwa mitende, na kandokando yake nyunyiza maji kidogo.

Mayai huatamiwa siku 21 kwa kuku, 28 kwa bata wengi na bata mzinga, 26 hadi 28 kwa kanga. Kuku huyo huyo huwaangua wote.

Je, wajua kuwa yai lililochongoka si lazima liwe la jogoo? Jinsia ya kifaranga huamuliwa kabla ganda halijaumbwa. Kasa wa Ras al-Jinz, karibu na Sur, ndio ambao joto la mchanga huwaamulia dume au jike, na mama yao akishafukia mayai hurudi baharini.

Kuku wengi wa mayai wa mashamba makubwa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi hamu ya kuatamia ikakaribia kwisha. Kuku wa kienyeji wa Oman bado wanayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wamechunguza vinasaba vya kuku hawa kwa nia ya kuwahifadhi, na mimi naona kila koo anayelea vizuri uani ni mali ya kutunzwa, asichinjwe kwa kuwa haachi kuatamia.

Mayai ya kuatamia yatie alama ya penseli, maana kuku wenziwe huja kutagia humo humo. Siku ya saba yamulike gizani kwa tochi ya simu: lililo hai huonyesha doa lenye mishipa ya damu iliyotawanyika. Lisilo na kitu litoe.

Na huna mayai yenye mbegu? Nunua vifaranga wa siku moja, uwaingize chini ya kuku anayeatamia usiku, kimya kimya, baada ya kuwa amelalia wiki mbili tatu. Alfajiri uwe umeshafika bandani: akiwaita kwa sauti nzito ya chini amewakubali, akiwadonoa kichwani, waondoe saa hiyo hiyo.