Je, Wajua? Maajabu Yaliyo Juu ya Biskuti

Je, wajua kuwa weupe wa yai ni maji, karibu asilimia 90? Sasa upige pamoja na sukari ya unga, uumimine juu ya biskuti, kisha uuache mpaka kesho. Asubuhi gonga kwa ukucha: ko, ko! Maji yale yamekauka yakaacha gamba gumu, na unaweza kulichora kwa brashi na rangi.

Tena weupe huo ukipigwa peke yake huumuka hadi mara 8 ya ujazo wake. Lakini tone la mafuta, au chembe ya kiini iliyoponyoka, linatosha kuuangusha! Ndiyo maana wapambaji hupangusa bakuli kwa limau kabla ya kuvunja yai.

Na ile sukari ya unga ya dukani si sukari tupu, ulijua? Ndani yake mna wanga wa mahindi, mara nyingi gramu 30 hivi katika kila kilo, ili isishikane mabonge. Ukiishiwa, saga sukari ya kawaida kwenye blenda na kijiko cha wanga, chekecha, endelea na kazi.

Hebu sogea nikwambie hili. Wapambaji wa biskuti hupima aisingi, yaani ule mchanganyiko wa weupe wa yai na sukari ya unga, kwa kuhesabu sekunde! Chota kwa kijiko, acha mchirizi udondokee bakulini, anza kuhesabu: ukizama na kupotea ndani ya sekunde 15, hiyo ni ya kufunika uso wa biskuti. Ukibaki umesimama, hiyo ni ya kuzungushia ukingo, ukuta wa kuizuia ile nyepesi isimwagike.

Kati ya nzito na nyepesi ni matone machache tu ya maji. Unashangaa? Gramu 100 za maji ya kawaida, yasiyopashwa moto, zinaweza kuyeyusha gramu 200 za sukari, mara mbili ya uzito wake! Kwa hiyo usimimine, dondosha.

Sasa njoo kwenye ile ninayoipenda kuliko zote. Funika biskuti kwa aisingi nyeupe, na kabla haijashika utando, weka juu yake nukta nyekundu kwa mstari. Chukua kijiti cha meno, weka ncha yake juu ya nukta ya kwanza, kivute moja kwa moja katikati ya zote mpaka mwisho. Tazama: kila nukta imegeuka moyo! Hukuchora moyo hata mmoja, umevuta mstari tu. Badala ya nukta weka mistari, kisha vuta kijiti mara kwenda, mara kurudi, utapata mawimbi yanayofanana na manyoya ya ndege. Ila una dakika chache tu, kwa hiyo rangi zote ziwe tayari kwenye mifuko ya kuchorea kabla hujaanza.

Je, wajua kuwa feni hung'arisha biskuti? Aisingi inayokauka haraka juu hubaki na mng'ao. Inayokauka taratibu kwenye unyevu hufifia, na kwenye vidoa vidogo hubonyea vishimo. Wewe wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi, washa feni ya mezani, iipulizie sinia kwa saa moja ya kwanza, kisha acha biskuti zikauke usiku kucha. Jokofuni usiziweke! Ukizitoa, zitatokwa jasho na rangi zitachuruzika.

Rangi nazo zina vituko vyake. Nyekundu na nyeusi huendelea kukolea zenyewe baada ya kuchanganywa, kwa hiyo acha kuongeza ukiona bado kidogo, funika bakuli, urudi baada ya saa kadhaa. Na aisingi yenye umanjano wa vanila huwa nyeupe ukitia chembe ya zambarau, naam, zambarau! Chembe iwe ndogo ya ncha ya kijiti.

Dondosha rangi nyeusi ya chakula kwenye tishu iliyolowa uone. Nyingi hutawanyika zikawa bluu, nyekundu na njano, kwa kuwa nyeusi hiyo ni mchanganyiko wa rangi hizo! Nyekundu moja maarufu, E120, hutoka kwa vidudu vinavyoishi juu ya dungusi, hasa Peru: vidudu 70,000 hivi kwa chini ya nusu kilo ya rangi. Geuza kopo lako usome.

Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa kuvika sukari. Visheti hukaangwa, hutiwa kwenye shira nzito, hupinduliwapinduliwa mpaka sukari igande nyeupe kila upande, na harufu ya iliki inakufuata mpaka mlangoni. Mpambaji aliyelelewa na visheti ana mkono wa kazi hii tayari!

Kule Kroatia ya kaskazini hutengenezwa biskuti za umbo la moyo, nyekundu kabisa, zilizonakshiwa kwa sukari, nyingi zikiwa na kioo kidogo katikati, na wapenzi hupeana. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010. Na mjini Bergen, Norwe, tangu 1991 watoto na wakubwa hujenga kila mwaka mji mzima wa vijumba vya biskuti za tangawizi!

Hicho ni kidogo. Mwaka 2013, mjini Bryan, Texas, ilijengwa nyumba ya biskuti za tangawizi yenye ujazo wa mita 1,110 za ujazo, unaingia ndani kwa miguu. Siagi zaidi ya kilo 800, mayai 7,200!

Na sukari iliyokauka vizuri haina haraka ya kuharibika. Kipande cha keki ya harusi ya Mwanamfalme Charles na Diana ya 1981, chenye nembo ya kifalme iliyonakshiwa kwa sukari, kiliuzwa mnadani Uingereza mwaka 2021 kwa pauni 1,850. Miaka 40, na nembo bado inasomeka!

Haya, zamu yako. Kama watakaokula ni watoto wadogo au wajawazito, tumia weupe wa yai wa unga uliotibiwa kwa joto badala ya yai bichi. Huna nozeli, ule mdomo wa mfuko wa kuchorea? Tia aisingi kwenye mfuko mgumu wa plastiki, kata kona kwa milimita moja tu, anza na zile nukta nyekundu.