Kengele ya Moto Hupimwa kwa Moshi, Si kwa Kitufe

Kimbunga Beryl kilipoipiga Houston Julai 8, 2024, zaidi ya wateja milioni 2 walikatikiwa na umeme, na wengi wao wakakaa gizani kwa siku kadhaa. Watu walihangaika na joto, na vyakula vilivyoozea kwenye friji, na foleni za mafuta ya jenereta. Jambo moja halikuzungumzwa sana. Katika majengo yale yote, paneli za kengele za moto zilikuwa zinaishi kwa betri, na kwa kawaida betri hizo hupangwa ziubebe mfumo kwa saa 24 za kusubiri, kisha zibakiwe na nguvu ya kupiga king'ora kwa dakika 5, au dakika 15 pale ambapo mfumo unatoa matangazo ya sauti. Muda huo ukipita, jengo lisilo na jenereta linabaki na ving'ora ambavyo haviwezi kulia. Na hizo ndizo siku ambazo watu huwasha mishumaa na kupika kwa majiko ya gesi.

Nimeanza na betri kwa sababu ndicho kipande ambacho wapangaji wengi, na hata wenye majengo, hawajui kama kipo. Hukaa chini ya paneli, ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, na huzeeka bila kumwambia mtu. Betri ya miaka mingi inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa ikiwa haina kazi, kisha ikaanguka mara tu ving'ora vinapoanza kunyonya umeme. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huipima ikiwa imebebeshwa mzigo. Asipofanya hivyo, amepima chuma tu.

Kanuni ninazozitaja zimo katika NFPA 72, kitabu cha Shirika la Taifa la Kuzuia Moto la Marekani (NFPA), ambacho jimbo la Texas linakifuata. Ni kitabu kinene, lakini wazo lake ni jepesi kulielewa: mfumo wa kengele ni mnyororo. Moshi uingie kwenye kitambuzi, waya upeleke habari, paneli ielewe, king'ora kilie, kituo cha uangalizi kipokee, mtu aamke, mlango ufunguke. Jaribio linalofaa hupita pete zote hizo, moja baada ya nyingine, kama moto wenyewe utakavyopita. Majaribio mengi ninayoyaona yanaishia kwenye pete mbili tatu, kisha karatasi inasainiwa.

Tuchukue kile kifaa cha duara kilicho darini kwako. Kukibonyeza kitufe kila mwezi ni jambo jema, na uendelee nalo. Kitufe kinakuambia kwamba betri ipo, saketi inafanya kazi na spika inalia. Hakikuambii kama moshi unaweza kuingia ndani. Katika nyumba za kupanga za Dallas na Houston, mpangaji mmoja akihama na mwingine akija, kuta na dari hupakwa rangi haraka kwa bomba la kupulizia, na mara nyingi kitambuzi hupakwa pamoja na dari. Matundu yake yakishazibwa na rangi, kitufe kitalia vizuri kabisa, na moshi utapita chini yake bila kusemwa. Vingine bado vimevaa kile kifuniko cha plastiki kilichowekwa wakati wa ujenzi ili vumbi lisiingie. Panda kiti ukitazame kwa karibu. Kama kimepakwa rangi hakisafishiki, kinabadilishwa.

Ukiwa hapo juu, kizungushe kishuke, ukigeuze. Nyuma yake pameandikwa tarehe ya kutengenezwa. Vitambuzi vya nyumbani hutupwa baada ya miaka 10 tangu tarehe hiyo, hata kama vinalia. Nimeshika vingi vilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na umri wao ulionekana kabla hata sijasoma nyuma.

Kwenye mfumo mkubwa wa jengo, mambo ni makali zaidi. Kila kitambuzi cha moshi kinapaswa kujaribiwa mara moja kwa mwaka kwa moshi wa majaribio, ambao fundi huupuliza kutoka kwenye kopo lililofungwa juu ya mti mrefu. Zaidi ya hapo, wepesi wake wa kuhisi hupimwa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kufungwa, kisha kila baada ya miaka miwili, na muda unaweza kuongezwa hadi miaka 5 endapo vipimo vimeonyesha kwamba hakijayumba. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachorukwa zaidi, na kwa Texas ndicho muhimu. Vumbi likijaa ndani ya chemba, kitambuzi huwa chepesi kupita kiasi na hulia bila moto. Unyevu wa Houston na wadudu wadogo wanaojenga makao ndani yake hufanya vivyo hivyo.

Kulia bure si kero tu. Mtu akiamshwa saa nane za usiku mara ya tatu kwa sababu ya mvuke wa bafuni, hung'oa betri. Takwimu za NFPA zimekuwa zikisema jambo lile lile kwa miaka: karibu watu watatu kati ya watano wanaokufa kwa moto wa nyumbani Marekani hufia katika nyumba zisizo na kitambuzi, au zenye kitambuzi kisichofanya kazi. Na pale kinaposhindwa kulia, sababu kubwa ni betri iliyotolewa au iliyokufa.

Kwa hiyo kumgombeza mpangaji kwa kung'oa betri hakutoshi. Tuulize kwa nini kilikuwa kinalia. Kama kimefungwa chini ya mita 3 kutoka kwenye jiko, kitalia kila tunapokaanga samaki au kuchoma chapati, na kosa ni la aliyekifunga hapo. Kuna pia suala la aina. Vitambuzi vya ioni huwahi kuhisi moto wa miali ya ghafla, na ndivyo vinavyosumbuliwa sana na mapishi; vya mwanga huwahi kuhisi moto wa kufukuta, ule unaoanzia kwenye godoro au kochi usiku. Viwango vipya vya maabara ya UL, ambavyo watengenezaji wa Marekani wamelazimika kuvifuata tangu katikati ya 2024, vimeongeza majaribio ya sponji ya makochi, ile inayofukuta na ile inayowaka. Vimeongeza pia jaribio moja ninalolipenda sana: nyama ya hambaga inabanikwa, na kitambuzi kinatakiwa kinyamaze. Ukinunua kipya leo, hakikisha ni cha kiwango hicho. Kwa familia inayopika kila siku, sijui uboreshaji wa bei nafuu unaouzidi huu.

Sheria ya Texas iko upande wa mpangaji kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya 92 ya Sheria ya Mali inamtaka mwenye nyumba afunge kitambuzi ndani ya kila chumba cha kulala, kwenye korido inayohudumia vyumba kadhaa, na katika kila ghorofa ya nyumba. Kikiharibika, andika barua au ujumbe wa maandishi wenye tarehe. Neno la mdomo kwa wakala wa ofisini halikulindi. Sheria hiyo hiyo ina makali upande wa pili: mpangaji anayeondoa betri bila kuweka nyingine mara moja anaweza kudaiwa kodi ya mwezi mmoja pamoja na dola 100, ikiwa mkataba wake ulimwonya hivyo. Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na kwingineko waliopokelewa katika maghorofa ya Vickery Meadow kule Dallas, au Gulfton kule Houston, hili halielezwi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Lingefaa lielezwe, kwa Kiswahili. Mwenye nyumba asipotekeleza, huduma za jiji, Dallas na Houston kadhalika, zinapatikana kwa kupiga 311.

Sasa njoo ukumbini, kwenye paneli yenyewe. Ina ishara tatu, na ni vizuri kila anayesimamia jengo, liwe kanisa, msikiti, duka au ghorofa, azijue. Ishara ya moto ni ya kutoka nje. Ishara ya uangalizi inasema kifaa kinachotegemewa hakiko sawa, kwa mfano valvu ya maji ya vinyunyizio imefungwa. Ishara ya hitilafu, taa ya njano, inasema mfumo wenyewe unaumwa: waya umekatika, betri imekufa, umeme umepotea. Hii ya njano huja na mlio mdogo wa kuudhi, na mlio huo una kitufe cha kuunyamazisha. Taa ya njano iliyonyamazishwa na kuachwa kwa miezi ndiyo hali mbaya kuliko zote ninazozikuta, kwa sababu kila mpitaji anaamini jengo linalindwa.

Texas ina utaratibu mzuri hapa. Kampuni na fundi lazima wawe na leseni ya Ofisi ya Mkuu wa Zimamoto wa jimbo, na baada ya ukaguzi fundi hubandika lebo kwenye paneli. Lebo ya njano inasema mfumo haujatimiza viwango. Nyekundu inasema una kasoro kubwa inayouzuia kufanya kazi yake, na lazima mwenye jengo na mamlaka ya zimamoto wajulishwe. Lebo hizo zinasomeka. Ukienda kukodi ukumbi wa harusi Arlington au Sugar Land, omba uonyeshwe paneli, usome tarehe na rangi.

Pete nyingine inayosahaulika ni mawasiliano. Zamani paneli ilipiga simu kwenye kituo cha uangalizi kwa laini ya shaba. Wengi wakahamia kwenye mtandao wa simu za mkononi. Kisha Februari 22, 2022, AT&T, kampuni yenye makao makuu Dallas, ikazima mtandao wake wa 3G, na wengine wakafuata. Kisanduku cha 3G ambacho hakikubadilishwa kilibaki bila mtu wa kuongea naye. King'ora cha jengo kingelia, lakini zimamoto wasingejua mpaka mtu apige 911. Baada ya jaribio lolote, omba ripoti ya kituo cha uangalizi na uone saa ambayo kila ishara ilipokelewa. Hakikisha pia kwamba mfumo umerudishwa kazini, maana kabla ya kujaribu fundi hukiambia kituo kisijali ishara zinazoingia, na akisahau kukirudia, jengo litalala hivyo.

Katika jengo kubwa, mfumo hufanya kazi nyingine pia: unashusha lifti, unaachia milango ya moto ijifunge, unazima feni za viyoyozi. Texas viyoyozi hufanya kazi karibu mwaka mzima, na feni isiyozimika inasafirisha moshi ghorofa kwa ghorofa. Mlango nao si kitu kidogo. Machi 6, 1982, katika hoteli ya Hilton ya Westchase, Houston, moto ulianzia kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya 4. Mlango wa chumba ulibaki wazi, moshi ukajaa kwenye korido, na watu 12 wakafa. Jaribio linalopiga ving'ora bila kwenda kutazama kama mlango umefunga na feni imesimama ni nusu jaribio.

Nimebakiza pete inayonigusa zaidi, ya kuamka. Wakenya na Watanzania wengi hapa Dallas–Fort Worth na Houston wanaendesha au wanafanya kazi katika nyumba za kulea wazee na watu wenye ulemavu. King'ora cha kawaida hulia kwa sauti nyembamba, karibu hezi 3,100, na sauti nyembamba ndiyo ya kwanza kupotea masikio yanapozeeka. Utafiti wa Dorothy Bruck na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Australia, ulionyesha kwamba sauti nzito ya hezi 520 huamsha vizuri zaidi watoto na wasiosikia vizuri. NFPA 72 imeiingiza sauti hiyo kwa vyumba vya kulala, ikitaka isikike angalau desibeli 75 kwenye mto, mlango ukiwa umefungwa. Majengo ya zamani mara nyingi hayana. Ukiwa na nyumba ya wazee na pesa ya kuboresha kitu kimoja tu, nunua ving'ora vya sauti nzito, na kwa asiyesikia kabisa uongeze taa kali na kitetemeshi cha kitandani. Kisha fanya zoezi usiku, wakati mhudumu ni mmoja, uone inachukua muda gani kumtoa mtu wa mwisho.

Na angalia madirisha. Nyumba nyingi za zamani za Houston zina nondo za kuzuia wezi, kama kwetu. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nondo za chumba cha kulala lazima zifunguke kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo, na mtoto wa nyumba hiyo ajue jinsi ya kuzifungua.

La mwisho: kitambuzi cha nyumbani kwako, kwa kawaida, hakimwiti mtu. Kikilia, toka, funga mlango nyuma yako, na upige 911 ukiwa nje. Kama Kiingereza kinakukwama, taja anwani kwanza, jina la jiji na namba ya nyumba, kisha useme “Swahili” na usikate simu. Wanaweza kumtafuta mkalimani wakati gari tayari liko njiani.