Mkongo Ukikatika, Ujumbe Hupita Wapi?

Fungueni madaftari. Somo la leo ni juu ya mitambo inayopitisha habari za simu na intaneti toka mji hadi mji na nchi hadi nchi. Andikeni maneno haya: mtambo, akiba, foleni.

Ninyi mkaao delta mnajua kwamba Mto Rufiji haumwagi maji baharini kwa mdomo mmoja. Kuna Simba Uranga, kuna Kikunya, kuna Msala na mingine. Mwenye mtumbwi akikuta njia moja imejaa mchanga, hupita nyingine. Habari za simu nazo husafiri hivyo. Kila penye njia panda pana mtambo. Kazi yake ni kupokea ujumbe, kusoma unakokwenda, na kuutoa kwa njia ifaayo.

Je, mtambo hujuaje kwamba njia imekatika? Hupelekeana salamu na mtambo jirani. Katika utaratibu mmoja utumikao sana, salamu huenda kila sekunde 10. Zikipita sekunde 40 za kimya, mtambo huhesabu kwamba jirani hayupo, nao hugeuza mizigo kwa njia nyingine. Hakuna fundi anayeamshwa usiku kwa kazi hiyo.

Lakini njia ya akiba ina masharti. Kwanza, isikae pamoja na ile ya kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Yote miwili hufika Dar es Salaam. Basi aliyeufanya mmoja kuwa akiba ya mwingine alipoteza vyote, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua zake zilikata barabara ya Lindi huko Somanga. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilikuwa zima, lakini lilimfaa nini msafiri wa Lindi? Njia hupimwa yote, toka mwanzo hata mwisho.

Sharti la pili ni nafasi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mikongo ile ilipokatika, mizigo yote ilikimbilia njia zilizosalia. Wazee wanakumbuka foleni ya magari kwenye kivuko kabla ya daraja. Mtambo nao huweka foleni, na mwenye mtambo huamua nani atangulie. Sauti ya mtu anayezungumza haichukui nafasi kubwa, lakini haiwezi kungoja. Barua yaweza kungoja. Picha za sinema huchukua nafasi kubwa kupita zote. Hata hivyo, si vizuri mkubwa apite daima, kwa maana wa mwisho hatavuka kabisa. Kwa hiyo kila aina hutengewa fungu lake, hata likiwa dogo.

Njia mbili zenye upana sawa, zikiwa akiba ya kila mmoja, zisijazwe zaidi ya nusu siku za kawaida. Mwenye kulipa gharama huona nusu ile tupu akasema ni hasara. Mimi sikubaliani naye. Nusu hiyo ndiyo akiba yenyewe.

Sasa kazi ya darasani. Njia mbili, kila moja yaweza kubeba mizigo 100 kwa saa. Ya kwanza inabeba 70, ya pili 50. Ya kwanza imekatika. Andikeni: mizigo mingapi itabaki kwenye foleni kila saa? Kisha jadilianeni. Muuguzi wa zahanati anampigia daktari simu, mvuvi wa kaa anangoja fedha kwa wakala, na kijana anatazama mpira. Nani apite kwanza, nani angoje, na kila mmoja atengewe fungu gani?